UZI: Ruzuku za kuleta ajira Pemba, mradi ukifungwa kazi inabaki?

#1 Mtoto wa Kiuyu

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nna suali linanisumbua siku nyingi. Pemba, khasa Micheweni, ruzuku za kupambana na umasikini hazijakatika tangu nilipokuwa skuli. Nimeiona MACEMP ya ukanda wa pwani, nimeiona TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, nimeona na miradi ya mashirika ya nje ya kila namna, na yote imeandikwa ajira: ajira kwa vijana, ajira kwa wanawake, kazi mbadala kwa wavuvi. Leo kaa kwenye baraza yoyote ya kwetu uulize nani ana kazi iliyotokana na mradi. Utaonyeshwa watu wachache sana, na wengi wao kazi ilikwisha siku mradi ulipofungwa.

Kijijini kwetu kuna banda la kusarifu mwani. Jengo zuri, sakafu ya saruji, tangi la maji juu. Ndani imo mashine ya kusagia mwani mkavu uwe unga wa kutilia kwenye sabuni. Mota yake ni ya fezi tatu, na laini ya umeme iliyopita pale ni ya fezi moja. Haijasaga hata kilo. Kina mama wanatwanga kwenye kinu, wanachekecha kwa kitambaa, na kikundi kilichoanza na watu wengi kimebaki na watatu wanne wenye moyo.

Dai langu ni hili: ruzuku haileti ajira Pemba, inaleta majengo na semina. Anayepinga aje na mfano wa kweli, nitausoma kwa moyo mkunjufu.

#2 Bint Tumbe

Waalaykum salaam kaka. Napinga, na mfano ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa katika mradi wa VIUNGO, ule wa fedha za Umoja wa Ulaya uliokuwa ukiendeshwa na mashirika ya PDF, TAMWA Zanzibar na Jumuiya ya Misitu Pemba. Ulianza 2020, ukenda mpaka 2024. Mie nilichagua vanila. Vanila ukiipanda huna unachokipata mpaka mwaka wa tatu hivi. Ikianza kutoa maua, kila ua linafunguka asubuhi moja tu, nawe uwepo shambani na kijiti, ulichavushe kwa mkono kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo usubiri miezi minane tisa podo, yaani tunda lake, ikomae, kisha uichemshe, uifunike, uianike, uipeleke hivyo hivyo miezi mingine.

Sasa fikiria mwenyewe. Mtu wa tathmini amekuja mwaka wa mwisho wa mradi, akanikuta nna majani. Akiandika "hana kipato" hajasema uongo. Aje leo anikute nimeajiri vijana wa mtaani wakati wa maua, na dada yangu analipwa kwa kuanika. Kazi imo, ila imekuja baada ya bango kung'olewa.

#3 Mzee wa Gombani

Bint Tumbe umesema kweli, nami nakuongezea la mkarafuu. Serikali imegawa miche ya mikarafuu miaka na miaka. Mche unataka miaka sita, saba, nane kabla ya kuchumwa. Hakuna mfadhili anayesubiri hivyo.

Lakini mimi naona tatizo liko kwingine. Sisi tuliokuwepo miaka ya 1980 na 1990 tuliona watu wanaiacha mikarafuu iliyokwisha kuzaa, inamezwa na mwitu, kwa sababu bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ilikuwa haimlipi mchumaji. Hakukosekana mafunzo, hakukosekana miche. Bei ilipopandishwa kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 2010, shamba lililolala lilipaliliwa bila semina hata moja. Vijana walirudi kutoka Unguja na Dar kuja kuchuma kwa pishi. Leo bei ya ZSTC ikiwa nzuri, mwenye mikarafuu hangoji kuamshwa.

Bei ndiyo ajira. Mengine yote yanafuata.

#4 Fundi Wete

Mtoto wa Kiuyu, hilo la fezi tatu limenichoma, nimelikuta zaidi ya sehemu moja. Wanunuzi wa mashine wanakaa ofisini, wanachagua kwenye picha. Mota ya fezi tatu ni nzuri kwa kazi nzito, haichoki haraka. Lakini kuipeleka laini ya fezi tatu kijijini ni nguzo, ni waya, na pengine transfoma mpya. Gharama hiyo inaweza kuishinda bei ya mashine yenyewe mara nyingi. Na iko njia ya kati: kuna kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu kwa mota ndogo, au unabadilisha mota kabisa ukatia ya fezi moja. Niambie kibati cha mota kimeandikwa kilowati ngapi.

Halafu hili nakupinga: kusema ruzuku haijaleta ajira Pemba. Kabla ya 2010 tulikuwa tunaishi kwa majenereta ya Wesha. Wenye umri wangu wanajua mgao ulivyokuwa. Umeme wa uhakika ulikuja kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, fedha kubwa yake msaada wa Norway. Mwaka ule ule mafundi wa kuchomea walianza kufungua Wete na Chake, mashine za barafu zikaja, mafundi friji, vinyozi, wachapishaji. Mimi mwenyewe nimesomesha watoto kwa waya ule. Kwenye karatasi zake wala hakukuandikwa "mradi wa ajira kwa vijana".

#5 Nahodha Kojani

Fundi uko sawa. Nami naongeza boti. Juzi juzi wavuvi na kina mama wa mwani wamepewa boti za faiba na mashine, ruzuku ya uchumi wa buluu. Hizo zinaonekana baharini kwa macho, si semina.

#6 Mhasibu Mkoroshoni

Nahodha, sahihisho dogo lakini lenye uzito. Boti zile zimetokana na fedha za ahueni ya UVIKO-19, na zile hazikuwa ruzuku. Ni mkopo wa IMF wa mwaka 2021. Tanzania yote ilipata kiasi cha trilioni 1.3 za shilingi, Zanzibar ikapata bilioni 230 hivi. Nafuu yake ni kubwa, lakini ni deni, na watakaolilipa ni hawa watoto wetu.

Nasema lina uzito kwa sababu ruzuku ikishindwa umepoteza fursa. Mkopo ukishindwa umepoteza fursa na unadaiwa.

#7 Nahodha Kojani

Ahsante mhasibu. Boti bado inaelea lakini 😄

#8 Msomi wa Tunguu

Salaam kwenu. Suali la #1 limefanyiwa utafiti mzuri jirani hapa, Uganda. Serikali yao, kupitia mpango wa vijana wa kaskazini, mwaka 2008 ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana: ushonaji, useremala, uchomeaji, saluni. Maombi yalikuwa mengi kuliko fedha, kwa hiyo vikundi vilivyokidhi vigezo vikachaguliwa kwa bahati nasibu. Waliopata wakalinganishwa na waliokosa. Kila kijana ilimfikia kama dola 382, fedha taslimu, hakuna afisa wa kuwasimamia kila wiki.

Baada ya miaka minne waliopata ruzuku walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 kuliko wenzao. Hilo ni kubwa sana. Watafiti, Blattman, Fiala na Martinez, wakarudi tena baada ya miaka tisa. Safari hii kipato kilikuwa karibu sawa. Si kwamba waliopewa wameanguka. Ni wale waliokosa waliokuwa wamepanda, wengi kwa vibarua na biashara ndogo. Kilichobaki kwa waliopewa ni vifaa vyao na ufundi.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa mwaka wa nne atasema ruzuku ni muujiza. Ukimuuliza wa mwaka wa tisa atasema ilimfikisha mtu mapema mahali ambapo angefika kwa kuchelewa. Na miaka mitano ya kula vizuri si kitu kidogo kwa mwenye watoto.

Jambo jingine linalohusu vikundi vyetu: waliomba kama kikundi, lakini baada ya kupata fedha wengi walifanya kazi kila mtu na yake, wakishirikiana vifaa tu.

#9 Mtoto wa Kiuyu

Nimeisoma #8 mara mbili. Hili la mwisho ndilo kwetu halifanyiki. Kwetu ni lazima kikundi, lazima katiba, lazima akaunti yenye watia saini watatu, na mashine ni ya wote. Kitu cha wote kikiharibika kinamngoja nani?

@Fundi Wete kibati kinasema 7.5. Nimempigia mwenye ufunguo akakisoma.

#10 Fundi Wete

7.5 ni kubwa kwa kazi ya unga wa sabuni. Hiyo ni ya kusaga mahindi ya mtaa mzima. Mlinunuliwa mashine ya kazi nyingine.

#11 Bi Mwani Jambiani

Wanangu salaam. Mimi ni wa Unguja, kusini, lakini jambo ni moja.

Nililima mwani tangu ulipoanza, 1989, pale Paje na kwetu. Wala haukuja na mradi wa ajira, ulikuja na makampuni. Walileta mbegu, walitupa kamba na tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mbegu, na sharti likawa umuuzie yule yule aliyekupa kamba, kwa bei anayoitaja yeye. Bamvua likitoka tunaingia kufunga mbegu, tunavuna baada ya wiki sita hivi, tunabeba kichwani mbichi, kilo saba nane zikikauka zinabaki moja. Na hiyo moja niliuza kwa mia sita. Bado watu tulijenga kwayo. Nyumba nyingi za bati pwani ya mashariki zimejengwa na wanawake.

Kilichotuua si kukosa ruzuku. Kotonii, aina ya mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa maji yalipozidi moto. Unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Tukabaki na spinosamu wa bei ndogo. Wataalamu wakasema kotonii upelekwe kina kirefu kwenye maji baridi. Sawa, lakini wengi wetu hatukufunzwa kuogelea, na huko kunataka boti. Hapo ndipo ruzuku ingefanya kazi ya maana, kumfunza mwanamke kuogelea na kumpa chombo, kabla ya kumpa mashine ya sabuni.

Kwetu Jambiani baadhi ya wenzangu walihamia sifongo. Wanalima sifongo baharini, zinaning'inia kwenye kamba, zinauzwa kwa wageni. Ilianzishwa na shirika dogo la Waswisi. Ni wanawake wachache sana, lakini wale wachache wanaishi kwayo, miaka imepita na bado ipo. Hawakuanza na watu mia.

#12 Shemeji wa Bara

Habari za visiwani. Mimi nimeoa Chake, kwa hiyo naongea kwa adabu.

Wapemba ni wafanyabiashara ambao bara tunawaogopa. Nenda Kariakoo, nenda Tanga, nenda hata miji midogo ya kusini, duka la vitambaa, duka la vipuri, ni Mpemba. Hawa hawakupewa ruzuku. Walipeana mtaji wao kwa wao, kaka akamvuta mdogo. Sasa niulize: kwa nini akili hiyo hiyo ikibaki Pemba inahitaji mfadhili, ikivuka bahari haihitaji?

#13 Mzee wa Gombani

Shemeji karibu, ila umegusa kidonda. Walivuka kwa sababu hapa hakuna wa kumuuzia. Kisiwa kina watu laki tano na kidogo, na wengi mfuko mtupu nje ya msimu wa karafuu. Mpemba anafuata soko.

#14 Salma wa Machomane

Na anayejifunza kwenye mradi naye anavuka. Mdogo wangu alifunzwa ufundi wa sola kwa ruzuku, akapata kazi Unguja, sasa yuko Dar. Kwenye kitabu cha kijiji ni hasara. Kwa mama yetu anayepokea fedha kila mwezi kwa simu si hasara hata kidogo. Mnahesabu ajira ya mahali au ajira ya mtu?

#15 Msomi wa Tunguu

Salma, hili ndilo suali ambalo maandiko ya mradi huwa yanalikwepa. Ahsante.

#16 Mpemba Ohio

Assalaam alaykum kutoka mbali. Nimekaa huku miaka mingi, na nimeona kitu kinachofanana.

Kusini na mashariki ya Ohio ni milima ya Appalachia. Makaa ya mawe yalipokwisha soko, miji ikabaki na wazee. Serikali ya Marekani iliunda tume maalumu ya ukanda huo mwaka 1965, Appalachian Regional Commission. Inahudumia majimbo 13, kaunti 423. Kila mwaka inazipanga kaunti zote kwa madaraja matano, ikiangalia ukosefu wa ajira, kipato na umasikini. Kaunti iliyo hoi kabisa, mfuko unaweza kulipa mpaka asilimia 80 ya gharama ya mradi. Ya kati ni 50. Iliyokwisha kupanda haipewi kitu kwa kawaida. Tangu 2015 kuna fungu jingine, POWER, kwa zile zilizopoteza kazi za makaa tu.

Mambo mawili nimejifunza. La kwanza, fedha nyingi za mwanzo zilikwenda kwenye barabara, mtandao wa zaidi ya maili 3,000 kupasua milima, kwa hoja kwamba kiwanda hakiji mahali ambapo lori halifiki. La pili, ni miaka sitini sasa, na bado mashariki ya Kentucky kuna kaunti ziko daraja la chini. Taifa tajiri kuliko yote, miaka sitini, na kazi haijamalizika. Sisi tunaipa Micheweni miaka mitatu kisha tunasema watu ni wavivu.

#17 Mhasibu Mkoroshoni

Ohio, hilo la madaraja ni zuri. Kwetu hakuna anayemwambia mfadhili kwamba wilaya hii mchango wake uwe mdogo kwa sababu iko chini. Mchango wa jamii unadaiwa ule ule, awe mtu wa Mjini Magharibi awe wa Maziwa Ng'ombe. Masikini analipa kwa nguvu zake: achimbe msingi, abebe mchanga, avunje kokoto. Aliyeko mjini analipa kwa hundi.

#18 Jirani wa Sheha

Mnazunguka tu. Nani anachagua wanufaika? Semeni hilo. Kwenye shehia moja ninayoijua, orodha ya kwanza na orodha ya pili hazikuwa na majina sawa, na majina mapya yalikuwa ya nyumba mbili. Namjua aliyezibadilisha, na namtaja hapa hapa.

#19 Msimamizi wa Jukwaa

Jirani, usimtaje mtu. Ushahidi peleka panapohusika. Tuendelee na mada.

#20 Bint Tumbe

Kumtaja si lazima, lakini alichokisema kipo. Kwetu mradi wa vanila orodha ilibandikwa msikitini na skuli siku kadhaa kabla, mtu akaona jina la ndugu yake aliyehamia Unguja zamani likafutwa mbele ya watu. Ilisaidia sana.

#21 Kijana wa Mkoani

Mie niliwahi kufanya kazi za muda za TASAF, wakati kaya yetu ilipokuwa kwenye mpango. Siku 60 kwa mwaka ndizo zilizopangwa, tulipanda mikoko na kujenga tuta la kuzuia maji ya chumvi yasiingie mpungani. Watu wanasema si ajira kwa sababu ni ya msimu. Lakini lile tuta lipo, na bonde ambalo lilikuwa limeota majani ya chumvi tunalima mpunga mpaka leo. Fedha ya siku ile ililiwa, kazi ya tuta inaendelea. Mnalihesabu wapi?

#22 Mtoto wa Kiuyu

Kijana wa Mkoani, hilo nalikubali moja kwa moja. Tuta ni tofauti na banda langu. Tuta halihitaji umeme wala mnunuzi.

#23 Dagaa Mkokotoni

Jamani mimi nawashangaa. Biashara ya dagaa Zanzibar nani aliifadhili? Wanunuzi wanatoka Kongo, wanakuja na fedha mkononi. Boti zinavua usiku kwa taa, asubuhi kina mama wanachemsha kwenye maji ya chumvi, wanaanika, vijana wanafunga magunia. Kila mkono unalipwa siku hiyo hiyo. Mnunuzi akiwepo, ajira inajizaa.

#24 Bi Mwani Jambiani

Mwanangu, mnunuzi yupo lakini anaanika chini kwenye mchanga, mvua ya siku mbili inaondoka na mtaji wote. Chanja za kuanikia, sakafu, turubai, hizo ndizo za ruzuku. Soko limetangulia, ruzuku iwe nyuma yake. Hapo mimi na wewe tutakubaliana.

#25 Mwekezaji Mtarajiwa

Naona wote mnazungumza vikundi na kina mama. Kwa nini fedha hizo zisipewe kampuni moja yenye uwezo, ikaajiri watu mia mbili kwa mshahara? Micheweni ilitangazwa eneo huru la uchumi tangu miaka ya 1990. Ardhi ipo, bahari ipo. Wekeni ruzuku pale.

#26 Mzee wa Gombani

Kutangazwa kumetangazwa. Ndugu yangu, nimezeeka nikipita kwenye eneo hilo. Mwekezaji anauliza maji, bandari, barabara, umeme, kisha anakwenda Fumba, Unguja.

#27 Msomi wa Tunguu

Hoja ya #25 ina pande mbili.

Upande wa kuiunga mkono, Nigeria. Mwaka 2011 walifanya shindano la mipango ya biashara, YouWiN. Waombaji karibu 24,000, washindi 1,200, kila mmoja wastani wa dola 50,000, zikitolewa kwa awamu kila akionyesha alichofanya. Utafiti wa David McKenzie wa Benki ya Dunia ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu ajira zaidi ya 7,000 zilikuwa zimeongezeka ambazo zisingekuwepo. Ukigawa gharama, kila ajira iligharimu kama dola 8,500. Kwa hiyo kumpa mtu mmoja mwenye mpango mzuri fedha ya kutosha kunaweza kuzalisha kazi kwa wengine.

Upande wa kuipinga, Marekani kwenyewe. Timothy Bartik wa Upjohn Institute alikusanya tafiti mwaka 2018 kuhusu vivutio wanavyopewa makampuni ili yajenge mahali fulani. Alikuta kwamba vivutio hivyo vinabadilisha uamuzi wa kati ya asilimia 2 na 25 tu ya makampuni hayo. Yaliyobaki yangekuja hata bila kupewa. Anayelipa ni mwananchi.

Sasa Micheweni iko wapi kati ya haya mawili? Kampuni ambayo ingekuja bila ruzuku hatuna. Labda ndiyo sababu ya kutoa, labda ndiyo sababu ya kuanza na bandari na maji.

#28 Mwekezaji Mtarajiwa

Dola 50,000 kwa mtu mmoja Pemba? Siku ya pili atakuwa na ndugu mia.

#29 Salma wa Machomane

Na siku ya tatu atakuwa amehamia Kariakoo kwa shemeji wetu wa #12 😄

#30 Shemeji wa Bara

Tutampokea vizuri tu dada.

#31 Mhasibu Mkoroshoni

Kuna jambo moja halijatajwa, nalo ni kwamba ruzuku ina mwenyewe, na mwenyewe ana siasa zake. Mkataba wa MCC, mfuko wa Marekani wa Changamoto za Milenia, ulisainiwa 2008, dola milioni 698. Kwetu ulileta waya mpya wa umeme wa megawati 100 kuja Unguja, uliozinduliwa 2013, na barabara tano za vijijini Pemba, kilomita 35 hivi. Waliokaa gizani Unguja miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 wanajua thamani ya waya ule. Awamu ya pili ilikuwa tayari mezani, zaidi ya dola milioni 470, ikasimamishwa tarehe 28 Machi 2016, na moja ya sababu zilizotajwa ni uchaguzi wetu wa marudio. Mwaka 2025 USAID nzima, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Mtu aliyejenga ajira yake juu ya fedha hiyo hakuulizwa.

#32 Msimamizi wa Jukwaa

Mhasibu, tarehe zako ni sawa. Uchaguzi wenyewe una nyuzi zake, tusiufungue hapa.

#33 Mpemba Ohio

Ndiyo maana huku fedha ya tume imo ndani ya sheria na bajeti ya taifa. Bado wametokea marais waliotaka kuifuta, na wabunge wa milimani wakaikingia kifua. Pemba nani anaikingia kifua fedha ya mfadhili?

#34 Fundi Wete

Turudi kwenye mashine maana nimeahidi. Mtoto wa Kiuyu, nimezungumza na fundi mwenzangu wa Chake. Kubadilisha mota hiyo mtie ndogo ya fezi moja inawezekana, kapi zibadilishwe ili mwendo uwe sawa. Gharama yake hata kikundi kinaweza kuchanga. Ile ya 7.5 muiuze kwa mwenye mashine ya nafaka anayetumia fezi tatu. Lakini muulize kwanza kama mashine ni yenu kisheria au bado ni mali ya mradi, mie nimewahi kufungua mota ya kikundi nikaandikiwa barua.

#35 Mtoto wa Kiuyu

Ahsante kaka. Makabidhiano hayakufanyika rasmi, hilo nalijua. Mradi uliisha, gari likaondoka, ufunguo ukabaki kwa katibu. Nitakwenda kwa ofisi ya wilaya na barua ya kikundi, tuombe maandishi kwanza.

#36 Bi Mwani Jambiani

Kabla hujaandika barua mwanangu, nijibu mimi. Mota imebadilishwa, unga umejaa, sabuni zimejaa. Unamuuzia nani? Kwetu tuna watalii wanaopita mlangoni, na bado sabuni inakaa. Nyinyi kule Kiuyu?

#37 Mtoto wa Kiuyu

Kwa sasa ni duka moja Chake, harusi harusi, na hoteli moja upande wa Ras Kigomasha inayochukua kidogo wakati wa msimu. Zaidi ya hapo hatuna, Bi.

#38 Bi Mwani Jambiani

Basi msitie senti kwenye mota mpaka muwe na wanunuzi wanne wa kudumu. Kinu kinatosha kwa duka moja.

#39 Fundi Wete

Bi, kwa heshima zote, hapo sikubaliani. Hoteli haiwezi kuagiza kwa mtu anayetwanga, kwa sababu hawezi kuahidi idadi. Mashine kwanza, ndiyo apate mdomo wa kuzungumza na mnunuzi.

#40 Bint Tumbe

Mie vanila yangu nilimpata mnunuzi baada ya kuwa na podo mkononi, si kabla. Lakini podo haziozi haraka, na sabuni ya mwani bila ya kukaushwa vizuri inatoka ukungu. Mtoto wa Kiuyu, mnaikausha siku ngapi kabla ya kuifunga? Hebu nitumie ujumbe wa ndani na picha ya sabuni yenyewe, kuna mtu Wete nataka aione.